Kwaya ya watu 34, mfukoni 8,500: leso, kikombe au faili?

KatibuEastlands
Tumsifu Yesu Kristo. Sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, mlinzi wa wanamuziki, ni 22 Novemba, na mwaka huu tunataka kila mwanakwaya arudi nyumbani na kitu mkononi. Sauti ya kwanza wako 12, ya pili 9, ya tatu 6, besi 7. Jumla 34. Tuna shilingi 8,500, yaani 250 kwa kichwa, na hakuna harambee nyingine, waumini wamechoka na bahasha. Kamati imegawanyika: leso, vikombe vyenye jina la kwaya, au mafaili ya nota. Kwenu mlitoa nini, na kilitumika ama kililala kabatini?

MamaAlto
Milele na milele, amina. Vikombe uviache. Sisi tulichapishiwa 40 hapo mjini, vikafika asubuhi ya sherehe yenyewe vimeandikwa KWAYYA. Ungevirudisha saa ngapi? Mpaka leo mgeni akija kwangu anakunywea chai humo. Mimi ni wa leso. Huuzwa kwa doti, vipande viwili, kwa hiyo doti 17 zinawatosha wote. Zunguka Biashara Street, ukipata doti ya 500 umemaliza hesabu yako sawasawa.

BesiWaMwisho
Mama, na sisi wanaume tujifunge leso twende wapi? Halafu katibu, ukinunua leso soma jina lake kwanza. Mwenyekiti wetu alibeba bunda zima kwa kupenda rangi tu. Sauti ya kwanza wakapewa za kijani, sauti ya pili za buluu. Za buluu zilikuwa na maneno "Hasidi hana sababu". Mazoezi ya Jumatano hiyo hayakufanyika.

MamaAlto
Nimecheka mpaka ugali umeshika sufuria. Lakini leso mwanamume humpelekea mkewe ama mamake, usijifanye hujui.

BesiWaMwisho
Hapo sasa zawadi ni ya mke wangu, si yangu. Na yeye haimbi.

TenaKangemi
Sisi ni Waanglikana lakini shida ni ile ile. Chukua mafaili. Tulinunua meusi, magumu, kwenye maduka ya vifaa vya ofisi upande wa River Road, na kwa dazeni yalishuka chini ya 200 moja. Mambo mawili tuliyojifunza kwa uchungu. Kwanza, usiweke nota kwenye zile karatasi za plastiki: taa za kanisani zinang'aa juu yake husomi kitu, zinapiga kelele ukifungua ukurasa, na huwezi kuandika juu yake. Toboa karatasi, zitie kwenye pete. Pili, kila faili liwe na penseli yenye raba, si kalamu ya wino, maana mwalimu akisema leo pumzi tunavutia hapa, Jumapili ijayo atakuwa amebadilisha.

Kilichowagusa watu hasa hakikuwa faili. Mwalimu alimwandikia kila mmoja mstari mmoja kwa mkono, ndani ya jalada. Langu linasema: "Ijumaa Kuu ulishika sauti ya tatu peke yako, nilisikia." Faili limechakaa, lakini kile kipande nilikikata nikakihamishia kwenye jipya.

VidoleKumi
Faili. Mimi hupiga kinanda, na kila Jumapili kuna karatasi ya mtu inayopeperuka kunijia miguuni katikati ya Utukufu.

MuuguziAnayeimba
Kuna ambalo hamjalitaja: chupa ndogo ya asali na tangawizi mbichi mbili tatu. Ila msiwaambie watu kwamba asali inapaka nyuzi za sauti. Unachomeza hupita njia ya chakula, hakizigusi. Inatuliza koo tu, na hilo si dogo kwenye mkesha wenye baridi. Peremende za mentholi ziacheni kabisa kwa waimbaji. Koo linakufa ganzi, mtu anajiona yuko sawa, anaendelea kulazimisha sauti, kesho yake ananong'ona. Kwa 250 asali halisi haipatikani kwa wingi, na ile ya bei rahisi barabarani mara nyingi ni sukari iliyochemshwa. Kwa hiyo kwa bajeti yako mimi pia naenda na faili.

KatibuEastlands
Asanteni sana. Nimeonyesha kamati na faili limeshinda, mama mmoja tu wa leso amenuna. Tunachukua dazeni tatu, 36: 34 ya waimbaji na mawili ya akiba kwa watakaojiunga Januari. Penseli ndani. Mwalimu amekubali kuandika, ameomba apewe wiki mbili na orodha ya majina. Tutafunga na karatasi ya kaki na uzi wa katani, maana mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku tangu 2017 na sitaki kuonekana nayo mbele ya Baba Paroko.

VidoleKumi
Katibu, mimi si wa parokia yako, lakini hiyo hesabu nimeisoma mara mbili. Kwanza 12, pili 9, tatu 6, besi 7. Mpiga kinanda wenu anaimba sauti gani?

KatibuEastlands
Akiba imebaki faili moja. Na tafadhali, asije akaonyeshwa haya mazungumzo.