The Lion King: nimwekee mdogo ya 1994 au ya 2019?

mama_wawili: Habari zenu wanajamvi. Jumamosi nashinda na wanangu, mmoja miaka mitano na mwingine tisa, na nimeshawaahidi The Lion King. Ninazo zote kwenye flashi, katuni ya 1994 na hii ya 2019. Mkubwa kang'ang'ania mpya, ati simba wake ni wa kweli. Mdogo ni mwoga, na Kiingereza chake kimeishia kwenye salamu, kwa hiyo nitakuwa namtafsiria. Mpya nimeiona mwanzo tu, nikaona inafanana na ya zamani picha kwa picha. Nianze na ipi? Na pale baba anapokufa, nirushe?

ngiri_mzee: Dada, weka ya zamani. Mtoto asiyefuata maneno anafuata sura. Kwenye katuni Scar, baba mdogo wa Simba, akiinua tu nyusi, mtoto kashajua huyu hafai. Jon Favreau alipoongoza hii mpya alitaka wanyama wafanane na wa mbugani, na simba wa mbugani hatabasamu wala hanuni. Simba mdogo anamlilia baba yake kwa uso uleule aliokuwa akichezea. Itabidi utafsiri maneno, halafu utafsiri na uchungu wenyewe.

baba_T: Sawa mkuu, ila ya zamani inatisha pia, tuseme ukweli. Ule wimbo wa Scar, "Be Prepared", moshi wa kijani na fisi wanapiga gwaride kama jeshi! Wangu alijificha nyuma ya kochi. Ya 2019 wameufupisha, sehemu kubwa unasemwa badala ya kuimbwa. Lakini fisi wa mpya ndio kabisa hawana utani. Shenzi, aliyepewa sauti na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, ameiva kwa ukali. Zamani alikuwepo fisi Ed wa kuchekacheka ovyo, mtoto akapata kupumua.

shangazi_K: Hamjagusa muda. Ya zamani dakika 88, mpya 118. Kwa miaka mitano hiyo nusu saa ni maji, choo, maji tena. Na mnajua nyongeza nyingine ilikwenda wapi? Kishungi cha manyoya ya Simba kinasafiri mpaka kinapita kwenye kinyesi cha twiga! (Wanangu hapo ndipo walipocheka kuliko kwa wale wachekeshaji Timon na Pumbaa, sijui niseme nini.)

mpigapicha_tu: Mnaionea mpya. Kwa mtoto wa miaka tisa ni tamu, manyoya na vumbi unaona kabisa. Ila mwambie huo ukweli anaousema ni wa kompyuta. Picha moja tu ndiyo iliyopigwa kwa kamera, lile jua linalochomoza mwanzoni. Na asidhani katuni ilichorwa yote kwa mkono, kundi la nyumbu linaloporomoka bondeni mwaka 1994 lilitengenezwa kwa kompyuta. Kilichoniudhi mpya ni "Can You Feel the Love Tonight". Wimbo unataja usiku, wao wanauimba jua linawaka!

shangazi_K: Kuhusu kifo, usirushe mama. Ukirusha atakuuliza baba yuko wapi mpaka mwisho. Mwambie kabla kwamba baba atakufa, mpakate, mwache alie. Halafu hapo ya zamani inakusaidia tena. Mufasa, huyo baba, anaporudi mawinguni unamwona kichwa na manyoya yake, hata mdogo atamwonyesha kwa kidole. Kwenye mpya ni wingu na radi, sura ya kukisia. Sauti ni ya James Earl Jones kote kote, lakini mdogo wako sauti haimwambii kitu kama haelewi lugha.

mama_wawili: Hilo la mawinguni limenimaliza. Jumamosi ya zamani sote watatu, Jumapili mdogo akilala mchana mkubwa anaangalia yake. Asanteni sana. Ila hata sijaiwasha, mdogo ameniuliza kama fisi wanafika Ubungo.

ngiri_mzee: Mwambie wako Mikumi na hawana nauli.