Shangazi aanze na Perfect Strangers au Mind Your Language?

MtotoWaPangani: Wakuu, salaam. Shangazi yangu ana mwezi wa pili hapa Columbus tangu atoke Pangani. Kutwa yuko ndani, baridi imemshinda. Nataka jioni tutazame naye vichekesho vya zamani vya wageni mjini, nimtafsirie. Nimebakiwa na viwili. Perfect Strangers (Marekani, 1986 hadi 1993): Balki, mchunga kondoo wa kisiwa cha kubuni cha Mypos, anamtokea mlangoni binamu yake wa mbali, Larry, huko Chicago. Mind Your Language (Uingereza, kilianza 1977): darasa la jioni la Kiingereza London. Nishaurini.

BiMkubwa: Mwanangu, anza na Balki. Larry anajiona mjuzi wa mji, kumbe naye ametoka Madison juzi tu, na mara nyingi ni yeye anayeharibu. Kuna ile ya bibibabka, vitafunio vya kwao Mypos. Balki anavipika taratibu huku anaimba. Larry keshanusa pesa, anataka vingi, upesi upesi. Anaonywa kwamba ukiviharakisha vitalipuka, hasikii, vinawalipukia jikoni. Marehemu mama hakujua Kiingereza hata neno, lakini alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. "Unga hauharakishwi," akasema.

ChumviYaBahari: Mimi nasema Mind Your Language. Kinachomtesa mgeni ni ulimi. Nilisoma darasa la namna ile Leicester, na kila Ranjeet, mmoja wa wanafunzi wa kipindi hicho, anapoomba radhi elfu moja kwa kukosea, najikumbuka mwenyewe.

BiMkubwa: Ni kweli, kaka, lakini pale kila mtu amefanywa picha ya nchi yake: Mjerumani mkali, Mfaransa wa kurembua macho. Ndiyo sababu Michael Grade wa London Weekend Television alikisimamisha. Mypos haipo duniani, kwa hiyo hakuna taifa linalochekwa.

ChumviYaBahari: Hilo nakubali, dada. Hata hivyo asimkose Jamila. Kiingereza hana, anakaa darasani anafuma sweta lake. Wamama wangapi tumewaona hivyo?

FundiGereji: Taxi je? Latka, fundi wa gereji New York, aliyeigizwa na Andy Kaufman. Lugha yake ya kubuni inafurahisha sana. Ila kipindi ni cha madereva wote, mgeni hapewi nafasi kubwa. Kwa shangazi, Balki. Msimu wa kwanza una sehemu 6 tu, hatachoka.

MtotoWaPangani: Asanteni sana, shikamoo BiMkubwa. Hiyo ya Jamila imenigusa. Shangazi alikuja na ukindu kwenye begi, muda huu yuko kwenye kochi anasuka ukili, kimya. Ijumaa tunaanza na bibibabka. Jamila nitamwonyesha akishazoea.

BiMkubwa: Marahaba, mwanangu. Usitafsiri kila neno, muache acheke kwanza.