Baiskeli ipite wapi? Swali la dereva wa daladala, Tanga

Dereva wa Pongwe

Wakuu, habari za leo. Naendesha Hiace ya Pongwe kwenda mjini hapa Tanga, mwaka wa tisa huu. Nina swali, na naomba msinirukie kabla hamjamaliza kusoma, maana humu dereva wa daladala akifungua mdomo tu keshakuwa mshtakiwa.

Ijumaa iliyopita, saa kumi na mbili kasoro jioni, natoka mjini na gari limejaa mpaka mlangoni. Nimeshaipita stendi ya Kange. Mbele yangu mzee mmoja na Foniksi yake ya zamani, kwenye karia kafunga tenga la machungwa kwa mpira wa tyubu, na tenga lenyewe limetokeza huku na huku. Upande wa pili linakuja semi limebeba saruji. Nikapiga honi mara mbili, maana sisi honi yetu ina maana moja: nakuja, kaa pembeni. Mzee hakusogea. Nikapiga hesabu, nikaona napita.

Mbele ya gari ikapita salama. Semi likanikaribia, nikarudi kushoto mapema kidogo, ubavu wa nyuma ukagusa tenga. Sauti yenyewe ndogo tu, kama mtu kapiga bati kwa kiganja. Nilipotazama kioo niliyaona machungwa kabla sijamwona mzee.

Namshukuru Mungu aliangukia upande wa majani. Goti lilichunika, spoki tatu zikakatika, rimu ikapinda. Abiria nusu walinifokea mimi, nusu wakamfokea yeye. Mama mmoja akashuka kuokota machungwa, na watoto wa pale jirani nao wakaokota, ila ya kwao hayakurudi. Mimi nikashuka nimepaniki, na mtu akipaniki huwa mkali. Nikamwambia: "Mzee, nimekupigia honi mara mbili, mbona hukukaa pembeni?"

Akajipangusa mchanga, akanitazama bila hasira. "Mwanangu, pembeni ndiko nilikokuwa. Ulitaka nipite wapi?"

Nililipa fundi, nikalipa machungwa kwa bei aliyoitaja mwenyewe. Hesabu ya tajiri siku ile haikutimia, na konda kaninunia mpaka Jumapili. Hayo yamekwisha. Lililobaki ni hilo swali lake, na mimi jibu sina. Nyie mnaonyonga baiskeli, kwa nini mkipigiwa honi hamsogei? Na kwa nini wengine mnahamia katikati ghafla, kama mtu aliyesukumwa? Nauliza kwa nia njema.

---

Binti wa Majani Mapana

Kaka yangu, pole, na mzee mpe pole yake. Umeuliza kiungwana, nami nitakujibu hivyo hivyo, ingawa nina ya moyoni.

Naenda mjini kwa baiskeli kila siku, na mtoto wangu nampakia nyuma. Nianze na honi. Honi inaniambia upo, basi. Hainiambii uko hatua tano au hamsini, hainiambii kama unapita sasa hivi au unasubiri semi lipite kwanza. Kwa hiyo nafanyaje? Nageuza shingo nikutazame. Hebu wewe siku moja panda baiskeli, tazama nyuma juu ya bega la kulia, halafu angalia usukani umefanya nini. Nao umegeuka kulia! Huko ndiko kuhama ghafla unakokuona. Honi yako yenyewe imenivuta nije kwako.

Na la moyoni ni hili. Mnanipita kwa kasi, honi juu, nameza vumbi, halafu hatua ishirini mbele mnakata kushoto na kupiga breki kupakia abiria mmoja. Ulikuwa unakimbilia nini kama unasimama pale pale? Mimi nashika breki mbili, mtoto nyuma ananigonga mgongoni kwa kichwa, na konda keshafungua mlango anashuka mbele ya tairi langu. Wallahi, semi siliogopi kama ninavyoziogopa Hiace.

---

Fundi Cheni

Mkuu, mimi ni fundi baiskeli, kijiwe changu kiko Ngamiani. Rimu zikiletwa hapa nazisoma kama daktari anavyosoma picha. Iliyogonga shimo imebonyea sehemu moja. Iliyoanguka ukingoni mwa lami imepinda ubavu, tairi nalo limechanika pembeni, mahali ambapo shimo haligusi. Za aina hiyo napata nyingi zaidi, na wenye nazo wengi ni wabeba mizigo.

Siku ukiwa na nafasi, paki gari uutazame huo ukingo kwa miguu. Ukiwa juu ya kiti unaona lami, halafu mchanga, unadhani ni njia moja imebadilika rangi. Si njia moja. Mvua imeula mchanga, lami imebaki juu kama kizingiti cha mlango. Mtu mwenye mzigo kama ule, kilo themanini ziko nyuma, tairi la mbele ni jepesi, linaelea. Likidondoka ukingoni, ataweza kwenda nalo kidogo huko chini kwenye mchanga. Taabu ni kurudi juu. Akikata kurudi kidogo kidogo, tairi linasugua ule ukingo, halipandi. Baiskeli inasimama, yeye bado anakwenda, na anaangukia upande wa barabarani. Yaani chini ya gari linalofuata.

Wabeba mkaa na machungwa wanalijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana mzee hakusogea. Alipokuwa ndiyo pembeni ya mwisho.

---

Semi la Usiku

Naona humu dereva ndiye shetani. Haya, mimi navuta semi, na nitasema upande wetu.

Moja, usiku. Natoka Segera, saa tatu, naye kavaa shati jeusi, baiskeli nyeusi, taa hana, hata reflekta ya nyuma kaing'oa. Gari linalokuja limewasha taa full usoni kwangu. Mtu huyo namwona akiwa mita ngapi? Nikiwa na tani thelathini nyuma, breki zangu hazisimami kama za bajaji. Sheria inamtaka awe na taa. Hela ya taa hana, naelewa. Basi abandike hata kipande cha stika ya kuakisi kwenye madigadi, ile nyekundu na nyeupe tunayobandika sisi kwenye treila. Kipande cha urefu wa kiganja kimeokoa watu.

Mbili, kushoto kwangu. Mimi nakaa kulia, juu. Mtu akijipenyeza ubavuni kushoto, karibu na mlango wa utingo, simwoni kwenye kioo wala dirishani. Tukisimama kwenye foleni wanakuja kujipanga hapo hapo, wameshika bodi kwa mkono wapumzike. Nikikata kona kushoto, treila haifuati njia ya kichwa, inakuja ndani zaidi. Mtu wa baiskeli aliyepo pale anabanwa na tairi za nyuma wakati mimi nimeshamaliza kona. Tafadhalini, kaeni nyuma yangu au mbele ambako nitawaona.

Tatu, na hili nakubali kosa. Upepo. Nikimpita mtu kwa themanini, ule upepo kwanza unamsukuma nje, halafu mwili wa gari ukiisha unamvuta ndani. Nilikuwa silijui mpaka siku nilipoharibikiwa njiani, nikasimama kandokando, mwenzangu akapita. Kofia yangu ilikwenda barabarani, haikwenda porini.

---

Mswahili wa Hamburg

Salamu kutoka kwenye baridi. Nimezaliwa Chumbageni, sasa niko Ujerumani na naendesha gari la mizigo, na asubuhi naenda kazini kwa baiskeli. Kwa hiyo natukanwa na pande zote mbili.

Huku tangu 2020 sheria imeandika namba. Ukimpita mwenye baiskeli ndani ya mji unamwachia angalau mita moja na nusu, nje ya mji mita mbili. Na lori la zaidi ya tani tatu na nusu likikata kona ya kulia mjini kwenye njia ya watu wa miguu na baiskeli, liende mwendo wa mtu anayetembea, kwa sababu hiyo hiyo aliyoitaja ndugu yetu wa semi (kwetu huku mambo ni kinyume, dereva anakaa kushoto, asiyeonekana yuko kulia). Msidhani watu wanatii wote. Jana tu mmoja kanipita kiwiko kwa kioo.

Hiyo mita moja na nusu mimi naielewa hivi: mwenye baiskeli akianguka sasa hivi, akaangukia upande wangu, kichwa chake kitafika kwenye tairi langu? Kama kitafika, bado sijamwachia nafasi. Na kama nafasi hiyo haipo kwa sababu kuna gari linakuja, basi hakuna kupita. Unakaa nyuma yake. Inaudhi, najua.

La nyongeza: nikipaki nafungua mlango kwa mkono wa mbali. Dereva wa Tanga anayekaa kulia atumie mkono wa kushoto. Mwili unajigeuza wenyewe, na macho yanaangukia nyuma barabarani kabla mlango haujafunguka.

---

Mkazi wa Kimara

Msitamani sana njia za pekee. Huku Dar, Barabara ya Morogoro, tangu mwendokasi uanze 2016 tuna njia ya baiskeli kandokando. Bodaboda wanapita humo wakikwepa foleni, mwenye viatu kapanga viatu, mwenye mihogo kaweka jiko. Mwenye baiskeli anarudi kwenye magari, na dereva anamfokea: "Njia yako si ile pale!"

---

Dereva wa Pongwe

Wakuu, nimerudi. Nimesoma yote. Dada wa Majani Mapana, ile ya kukata kushoto na kupiga breki nimeisoma mara mbili na sina pa kujitetea.

Jumapili niliazima baiskeli ya shemeji, nikafunga gunia la pumba nyuma ili nisijidanganye, nikatoka Kange kwenda Pongwe. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni sauti. Ukiwa ndani ya gari huwezi kujua gari lako linapiga kelele kiasi gani. Kila linalokuja nyuma unahisi ndilo lenyewe. Kabla sijafika mbali akatokea Hiace, nikaitambua honi kabla sijamwona mwenyewe, ni jamaa yangu tunapaki naye stendi kila siku. Alikuwa ananisalimia! Mabega yangu yalipanda mpaka masikioni, na usukani ukaenda kulia kama alivyosema dada. Akanikwepa, huku akicheka.

Nikasimama pale mzee alipoanguka. Maganda ya machungwa bado yapo. Nikachuchumaa, nikaweka mkono ukingoni mwa lami. Kiganja changu kilisimama wima, vidole juu, na ncha ya kidole cha kati ndiyo ikalingana na barabara. Nimepita hapo miaka tisa, kwenda na kurudi, sijui mara ngapi kwa siku. Nilikuwa napaita pembeni.

Sasa nimeanza hivi. Nikimkuta mtu wa baiskeli na mbele kuna gari, nashusha gia, nakaa nyuma yake, honi sigusi. Juzi nilisubiri kama sekunde nane. Konda yeye aliziona dakika nane. Nikishampita sirudi kushoto mpaka nimwone mzima mzima kwenye kioo.

Ila niwaambie ukweli, kwa sababu humu watu wanaongea kama dereva anakimbia kwa kupenda tu. Zile sekunde nane, Hiace ya nyuma ilinipita mimi na baiskeli kwa pamoja, ikawahi kituo cha mbele ikapakia watu watano. Nauli ya watano hao nilipaswa kuwa nayo mimi. Jioni tajiri haniulizi nilimwachia nani mita ngapi, ananiuliza hesabu. Tukiwa kumi kwenye njia moja na mmoja ndiye anasubiri, huyo mmoja atachoka. Bado nasubiri, lakini sisemi kwamba sitachoka.

---

Fundi Cheni

Mkuu, hapo umesema la maana. Na yule mzee nimemwona, alileta ile rimu kwangu kuikaza tena. Baiskeli imepona.

---

Dereva wa Pongwe

Nami nimemwona leo asubuhi, anakwenda mjini na tenga jipya. Kwenye karia kafunga fito imetokeza upande wa kulia, urefu wa mkono, na mwishoni kaning'iniza kitambaa chekundu. Kila gari lililokuwa mbele yangu lilikuwa linaipisha ile fito, hakuna anayetaka gari lake lichunwe rangi.

Nilisimama kituoni, naye akanifikia. Nikamwamkia, nikamuuliza: "Mzee, fito hii umeifunga kwa ajili yangu?"

Akasema: "Hii ya wengine. Wewe nakujua kwa honi."