Mtoto anabanwa kifua usiku, inhela ya bluu peke yake inatosha?

Mama Nasri, Tandika
Habarini wapendwa, naombeni msaada. Mwanangu ana miaka 7, usiku wa manane anaanza kukohoa, kifua kinapiga filimbi, anakaa kitandani kainamia mbele mabega yanapanda na kushuka. Tulipewa inhela ya bluu, akivuta anapata nafuu ila siku hizi hazipiti siku mbili anabanwa tena. Jirani anasema nimuachishe, eti ataizoea maisha. Nifanyeje jamani?

mzee_wa_mbagala
Pole sana dada. Hayo ya kuzoea yanasemwa sana mtaani lakini sio kweli, usimuachishe. Mimi nina pumu tangu mdogo. Ya bluu ni salbutamol, inalegeza misuli ya njia ya hewa kwa masaa machache basi, uvimbe wa ndani unabaki palepale ndo maana anarudia. Akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki ujue pumu haijatulia, mrudishe kwa daktari uulizie inhela ya kuzuia, ile yenye steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) dozi ndogo, hiyo anavuta kila siku hata akiwa mzima kabisa. Akimaliza asukutue ateme, asipate fangasi mdomoni.

nesi_temeke
Naunga mkono. Ila daktari ampime vizuri maana sio kila kubanwa ni pumu, kuna nimonia, TB, moyo, hata kuishiwa damu. Na nyumbani angalia jiko la mkaa linalopikiwa ndani, udi, dawa ya mbu ya kuchoma, mende, haya yanawaamsha wengi usiku. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani au midomo inabadilika rangi, hapo usisubiri asubuhi, mpulizie huku mnakimbia hospitali.

Mama Nasri, Tandika
Asanteni mno. Jiko naliwasha mlangoni, nitalihamishia uani. Nyingine, nikimpulizia naona dawa nyingi inaishia mdomoni.

nesi_temeke
Ndo shida ya watoto wengi hiyo mama. Spesa, yaani kile chombo cha kuunganisha inhela na mdomo, ikikushinda bei, chukua chupa ya maji ya nusu lita, kavu na safi, toboa kitako tundu linaloshika mdomo wa inhela usiachie mwanya, yeye anavutia kule kwenye shingo ya chupa. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi taratibu kama mara 5 ndo ubonyeze tena. Usibonyeze mbili kwa mpigo. Ukienda kliniki nenda nayo wakuangalie unavyofanya.