Walioomba takwimu za korona waliitwa watoro, na takwimu zenyewe hatujapewa mpaka leo

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Kila mjadala wa korona unapoibuka hapa nchini, hujitokeza watu wa kutuambia kwamba wapinzani walitaka kujijenga kisiasa kupitia ugonjwa, kwamba Freeman Mbowe na wabunge wake walikimbia kazi Dodoma, na kwamba wakati umewaumbua. Wakati haujawaumbua hata kidogo. Walichokuwa wanakidai ni kitu ambacho serikali inayowaheshimu watu wake ingekitoa bila kuombwa, yaani idadi ya wagonjwa na idadi ya waliokufa, na mpaka leo deni hilo halijalipwa.

Tukumbushane, kwa sababu naona wengine wameanza kusahau kwa makusudi. Tarehe 16 Machi 2020 aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alimtangaza mgonjwa wa kwanza, aliyeingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule, na kwa majuma sita hivi tulikuwa na serikali inayozungumza na wananchi wake. Tarehe 29 Aprili tukaambiwa kwamba wagonjwa wamefika 480 na waliofariki 16. Baada ya hapo ni Zanzibar peke yake iliyoendelea kutoa taarifa kwa siku chache, jumla ya nchi nzima ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, halafu daftari likafungwa. Kwa zaidi ya mwaka mmoja dunia nzima ilikuwa ikisoma namba hiyohiyo mbele ya jina la Tanzania, kana kwamba kirusi kilipofika mgonjwa wa 509 kilipanda basi kikaondoka.

Katikati ya kimya hicho ndipo Mbowe, akiwa Kiongozi wa Upinzani Bungeni, aliposema mwanzoni mwa Mei kwamba Bunge lisitishe vikao kwa muda, wabunge na watumishi wapimwe, na wabunge wa CHADEMA wakae nje ya ukumbi kwa siku 14 wakijitenga. Tujiulize kwa utulivu ni jambo gani hapo lilikuwa la hatari kwa taifa. Ndani ya siku kumi na chache, kuanzia tarehe 20 Aprili hadi tarehe 1 Mei, Bunge lilikuwa limepoteza wabunge watatu: Mchungaji Gertrude Rwakatare, Richard Ndassa na Balozi Augustine Mahiga, ambaye alikuwa pia Waziri wa Katiba na Sheria. Hata tukichukulia kwamba hakuna kifo kimoja kati ya hivyo kilichotokana na korona, ukumbi uliopatwa na misiba mitatu kwa muda mfupi namna hiyo, wakati wa mlipuko, ulistahili kupimwa kabla mtu yeyote hajaketi tena. Jibu la Spika Job Ndugai lilikuwa kuwaita watoro na kuwataka warudishe posho walizolipwa. Hoja ilikuwa afya za watu, naye akaigeuza ikawa hesabu ya fedha za kujikimu, na magazeti yakahamia kwenye posho, na takwimu zikasahaulika siku ileile.

Sisemi kwamba CHADEMA walifanya kila kitu sawasawa. Kuwavua uanachama wabunge waliokaidi agizo la kujitenga na kurudi ukumbini kulikuwa na haraka ambayo sikuipenda wakati ule na siipendi sasa. Lakini kosa la nidhamu ndani ya chama haliwezi kulinganishwa na kosa la dola kuficha ugonjwa.

Kisha likaja suala la maabara. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato baada ya kumwapisha Mwigulu Nchemba kushika nafasi ya marehemu Mahiga, Rais Magufuli alisema kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa kwa siri zikiwa na majina ya watu, zimerudi na majibu ya kuwa na korona. Mkurugenzi wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi, na kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa kikajibu kwamba vipimo vilivyokuwa vikitumika vilikuwa vimethibitishwa. Mimi nasema hivi: tuchukulie kwamba Rais alikuwa na haki ya kutilia shaka mashine. Mashine ikiwa na hitilafu hurekebishwa au hubadilishwa, sampuli za zamani zikapimwa upya, wananchi wakaelezwa kilichoharibika ni nini, na taarifa zikaendelea. Hapa shaka juu ya kipimo ilitumika kuondoa kabisa haja ya kuhesabu, na hakuna daktari hata mmoja ninayemfahamu ambaye angefanya hivyo kwa mgonjwa wake mmoja, achilia mbali kwa nchi nzima.

Najua hoja itakayoletwa hapa, kwa kuwa nimeisoma mara nyingi: kwamba Magufuli aliwaokoa maskini kwa kukataa kufunga nchi, kwamba mama anayeuza mboga sokoni angekufa njaa. Naiheshimu hoja hiyo na sibishani nayo leo. Ninachokataa ni kuunganishwa kwa mambo mawili yasiyohusiana. Serikali ingeweza kuacha masoko wazi, ikaacha mabasi yatembee, na bado kila jioni ikatuambia wangapi wamelazwa Dar es Salaam na wangapi Mwanza. Yule mama wa mboga ndiye aliyeihitaji taarifa hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, maana yeye hakuwa na nafasi ya kufanyia kazi nyumbani, na kinga aliyoweza kuimudu ilikuwa kujua lini hatari imepanda ili ajifunike, akae mbali na wateja, na asimpeleke mama yake mzee kwenye msongamano.

Kimya hicho kilikuwa na sheria nyuma yake pia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa Julai 2020 zilikataza kuchapisha taarifa za mlipuko wa ugonjwa hatari au wa kuambukiza bila idhini ya mamlaka husika. Mwezi huohuo Kwanza Online TV ikafungiwa kwa miezi 11 kwa kusambaza tahadhari ya afya iliyotolewa na Ubalozi wa Marekani. Kwa hiyo serikali haikutoa takwimu, na aliyejaribu kuzitafuta kwingine aliadhibiwa. Aliyebaki na mdomo ni mwanasiasa wa upinzani, na ndiyo maana ilikuwa muhimu sana aonekane mzushi.

Wimbi la pili lilipokuja mwanzoni mwa mwaka 2021 ndipo tulipolipa gharama yake. Tarehe 27 Januari, akizindua shamba la miti huko Chato, Rais alisema chanjo hazifai, na kwamba kama wazungu wangekuwa na uwezo wa kuleta chanjo wangekuwa wameshaleta ya ukimwi na ya malaria. Siku chache baadaye Waziri wa Afya, Dkt. Dorothy Gwajima, alisema hakuna mpango wa kupokea chanjo, huku tukioneshwa namna ya kuandaa mchanganyiko wa tangawizi, vitunguu na ndimu. Ni mwezi huo wa Februari ambapo baba yangu mdogo alilazwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Wodi ilikuwa imejaa wanaume wa umri wake, wote wanahema kwa shida, na mtungi wa oksijeni ulikuwa ukihamishwa kutoka kitanda hadi kitanda. Daktari aliyekuja kutuona alikuwa amevaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Akatuambia tuvae za kwetu na tusimuulize sababu. Kwenye karatasi waliandika nimonia. Basi sisi tukafanya kama watu wanavyofanya kwa msiba wa nimonia: mwili ukaoshwa na ndugu, ukumbi wa nyumba ukajaa, watu wakalala pamoja kwenye mikeka, na kabla matanga hayajaanuliwa shangazi yangu na kijana mmoja aliyeshiriki kuosha walikuwa wamepata homa na kikohozi kilekile. Shangazi hakupona. Nani alaumiwe kwa kifo chake? Waombolezaji waliokuja kwa mapenzi? Daktari aliyeogopa kupoteza ajira? Namlaumu aliyeweka mazingira ambayo ukweli wa kitabibu unanong'onwa kama siri ya jeshi.

Sasa linganisheni na upinzani ulivyofanya katika wiki hizohizo. Tarehe 31 Januari 2021 ACT-Wazalendo walitangaza hadharani kwamba mwenyekiti wao, Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa korona pamoja na mke wake na baadhi ya wasaidizi. Hawakutumia lugha ya kupindapinda. Katika nchi ambayo viongozi walikuwa wakizungumzia "changamoto ya upumuaji", chama cha siasa kiliutaja ugonjwa wa mwenyekiti wake kwa jina lake, kikijua kitabezwa. Maalim alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari. Siku hiyohiyo akafariki pia Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Kwenye kumuaga Kijazi, Rais aliwataka wananchi wafunge na kuomba kwa siku tatu. Nami ni mtu wa sala na siidharau sala ya mtu, lakini aliyekuwa na mamlaka ya kuagiza vipimo, mitungi na taarifa alipaswa kuagiza hivyo vyote na kisha aende kusali pamoja nasi.

Wapo watakaosema hayo yamepita, Rais Samia amebadilisha mwelekeo. Ni kweli amebadilisha, na nampa haki yake: aliunda kamati ya wataalamu, Juni 2021 akataja mwenyewe kwamba kuna wagonjwa zaidi ya 100, na tarehe 28 Julai akachanjwa mbele ya kamera. Ila hata mwelekeo huo mpya ulitumika dhidi ya upinzani kwa kasi ya ajabu. Julai hiyohiyo, CHADEMA walipoandaa kongamano la Katiba Mwanza, mamlaka za mkoa zilizuia mikusanyiko kwa kisingizio cha UVIKO-19, na usiku wa kuamkia tarehe 21 Mbowe akakamatwa, akaishia kushtakiwa kwa ugaidi na kukaa mahabusu hadi Machi 2022. Tarehe 25 Julai, siku nne tu baada ya kukamatwa kwake, Simba na Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho pale Kigoma na uwanja ukafurika watu. Mtu yule aliyeitwa mtoro mwaka 2020 kwa kuuogopa ugonjwa, mwaka 2021 alizuiwa kukutana na watu wake kwa jina la ugonjwa uleule. Anayeona hapa kuna sera ya afya anioneshe ilipo.

Na fedha zilipokuja, zilikuja kwa jina la ugonjwa ambao hatukuwahi kuuhesabu. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa Septemba 2021, uliozaa mpango wa shilingi trilioni 1.3, ulijenga madarasa 15,000 na mambo mengine ya maana, na sina ugomvi na dawati la mtoto yeyote. Lakini deni tutalilipa sote, na familia zilizozika hazijui hata kama ndugu zao wamo kwenye hesabu.

Kwa hiyo ninachodai ni mahususi, na nawaomba wabunge wanaosoma hapa wakibebe kama hoja binafsi. Iundwe tume huru, yenye wataalamu wa takwimu na wajumbe kutoka vyama vyote, ipewe rejesta za vifo za hospitali za rufaa na vibali vya mazishi vya halmashauri kwa miezi ya Aprili hadi Juni 2020 na Desemba 2020 hadi Machi 2021, izilinganishe na miaka ya nyuma, na ripoti yake iwekwe mezani bungeni ikiwa nzima, bila kurasa kukatwa. Madaktari na wauguzi watakaoitwa kutoa ushahidi wahakikishiwe ajira zao kwa maandishi. Rejesta hizo zipo, zimeandikwa kwa mkono na watu ambao bado wako kazini, na hakuna sababu ya kitaalamu ya kuziacha kwenye makabati.