Mtungi wa hewa au mapezi marefu? Muuzaji ananisubiri

Muha_wa_Bangwe: Mwakeye wakuu. Kuna jamaa anauza seti ya kuzamia iliyotumika: mtungi, regileta (kipumulio chake) na jaketi la kuelea. Au nichukue mapezi marefu, miwani na mkanda wa uzito wa madini ya risasi, nizame kwa pumzi yangu. Kipi bora? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi.

Mama_Dagaa: Bora kwa kazi gani? Bei? Umesomea? Unazama na nani? Mleta mada umetuachia nusu ya mada nyumbani.

KatongaBoy: Mtungi utajazia wapi? Kompresa ya fundi wa matairi haifai, inatakiwa ya hewa ya kupumua, yenye chujio. Moshi wa injini ukiingia humo unazimikia chini. Kama huna pa kujazia, umenunua pambo la sebuleni. Mapezi, basi.

Muha_wa_Bangwe: Samahani wakuu. Seti laki tisa, mapezi laki mbili na nusu. Sijasomea. Nataka kuangalia samaki tu, huku kwetu Kigoma, Ziwa Tanganyika, pale ufukwe wa Jakobsen na kwenye mawe ya Katonga. Ila mwenzangu ana mtungi. Mimi nikishuka kwa pumzi, tutaelewana huko chini?

Fundi_Regileta: Hilo ndilo ungeanza nalo. Siku moja nimetulia kama mita 12, natazama samaki aina ya kuhe, dume na jike, wanalinda watoto wao. Kikapita kivuli juu yangu. Rafiki yangu, mtu wa pumzi, akashuka mpaka pembeni yangu, akajigusa mdomo: nipe hewa. Utani tu. Nikampa kipumulio cha akiba, na hilo kosa ni langu. Akavuta mara mbili, akacheka kwa macho, akageuka kupanda huku kafunga mdomo. Ndiyo mazoea yao, na kwao ni sawa, maana hewa waliyoshuka nayo wameivuta juu. Lakini hewa ya mtungi kule chini imeshindiliwa, ukipanda nayo inatanuka zaidi ya mara mbili, na mapafu hayana pa kuiweka. Nilimdaka mguu, pezi likanibaki mkononi. Mimi siwezi kufyatuka kumfuata. Nilipofika juu yuko kwenye mtumbwi anakohoa povu la pinki. Alipona, ila alilala kitandani siku nyingi. Pezi lake ninalo mpaka leo, hajawahi kulidai.

KatongaBoy: Pole, ila hiyo ni hatari ya mtungi, si ya pumzi. Halafu mapovu yenu yanafukuza samaki. Mimi nikishuka kimya wananijia usoni.

Fundi_Regileta: Wanakujia sekunde arobaini, halafu unawakimbia.

Mama_Dagaa: Na ishara mkubaliane kabla hamjalowa. Nilimwonyesha mwenye mtungi kidole gumba, nikimaanisha safi kabisa. Kwao ni "tupande". Akapanda kweli, na hasira zake zote.

Fundi_Regileta: Mleta mada, mwenye mtungi si mlinzi wako. Mtu wa pumzi huzimia mara nyingi akikaribia juu, na wakati huo mwenzako yuko chini, hawezi kupanda mbio. Tafuta wa pumzi mwenzako: mmoja chini, mmoja juu anatazama. Na usitumie mtungi asubuhi kisha ukazama kwa pumzi jioni, nitrojeni ya ile hewa bado imo mwilini, na inaweza kugeuka mapovu ukipanda haraka. Ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, kwa hiyo usiazime jedwali la kina na muda wa kuzama la mtu wa Dar, lile ni la usawa wa bahari.

Mnyamwezi_Mkavu: Niko Tabora, bwawa letu ni Igombe, nawasoma tu. Eti ni kweli ile meli yenu ya Liemba iliwahi kuzama?

Mama_Dagaa: Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924.

KatongaBoy: Na injini walishazipaka grisi kabla. Walijua wanarudi.

Mnyamwezi_Mkavu: Na kichocho je?

KatongaBoy: Kaka, bakia Igombe.

Mama_Dagaa: Igombe ndiyo haina kichocho? Maji yaliyotulia yenye majani ndiyo nyumba ya konokono wake. Mwache mtu aje Kigoma ale mgebuka.

Fundi_Regileta: Tumepotea. Mleta mada, angalia shingoni mwa mtungi, kuna muhuri wa tarehe ya kupimwa. Una mwaka gani?

Muha_wa_Bangwe: Nimetoka kwake sasa hivi. Muhuri hausomeki, mtungi umepakwa rangi mpya mpaka shingoni.

Fundi_Regileta: Rangi ya njano?

Muha_wa_Bangwe: Ndiyo. Umejuaje?