Kifaru cha rimoti 1:16: mnyororo unachomoka nikirudi nyuma, nikaze vipi?

Vumbi_la_Menengai (Nakuru)

Wadau, habari zenu. Nina modeli ya Tiger I, kifaru cha Kijerumani cha Vita vya Pili vya Dunia, ya 1:16 (moja ya kumi na sita ya ukubwa halisi), bodi ya plastiki, giaboksi za chuma. Nimetoa minyororo ya plastiki nikaweka ya chuma, pingili 96 kila upande. Uzito sasa ni kilo 4 na ushee.

Nikipanda kilima nasikia tak-tak-tak upande wa kulia. Nikirudi nyuma huku nakata kona, mnyororo huohuo wa kulia unachomoka kwenye aidla, lile gurudumu la mwisho huko nyuma lisiloendeshwa na mota. Nikitoa pingili moja mnyororo unakaza kupita kiasi: mota inapata moto na kifaru kinavuta kulia. Nikiirudisha, unaning'inia tena. Pingili moja ni nyingi, na bila kuitoa haitoshi.

Ekseli ya aidla imepita kwenye tundu la kawaida la plastiki, hakuna pa kurekebisha. Nimeona wengine wanaweka springi. Nianzie wapi, na vitu gani nitapata hapa mjini bila kuagiza nje?

---

Kondele_Giaboksi (Kisumu)

Kabla hujatoboa chochote, hakikisha hiyo tak-tak ni ya mnyororo kweli. Giaboksi inayoruka meno hutoa sauti hiyohiyo. Muombe mtu ashike kifaru kwa nyuma, wewe ukanyagie mbele huku simu inarekodi sproketi (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) kwa mwendo wa polepole. Sproketi ikizunguka na mnyororo ukabaki palepale, ni ulegevu. Sproketi ikisimama huku mota inalia, fungua giaboksi, na haya mengine yote achana nayo kwa sasa.

Tukichukulia ni ulegevu, angalia unakojikusanya. Tiger inaendeshwa na sproketi ya mbele. Ukienda mbele, sproketi inavuta mnyororo wa juu, kwa hiyo juu kunakaza mpaka kwenye aidla, na ulegevu wote unashuka mbele chini, kati ya sproketi na gurudumu la kwanza. Hapo ndipo meno yanaruka. Ukirudi nyuma mambo yanageuka: sproketi inavuta mnyororo wa chini, ulegevu unapanda juu, halafu aidla ndiyo inayotangulia. Inapokea mnyororo uliolegea huku kona inausukuma kando. Ndiyo maana unachomokea huko. Shida zako mbili ni moja.

Sasa shika aidla ya kulia kwa vidole, uisukume mbele na nyuma. Ikicheza, tundu la plastiki limeshapanuka, na ekseli inainama kuelekea mbele kila mnyororo ukivuta. Gurudumu lililoinama halipokei yale meno ya katikati ya pingili sawasawa. Yanagonga ukingo, yanaupanda, yanatoka. Ukiongeza mkazo kwenye tundu la namna hiyo unaongeza kuinama tu.

Na hesabu pingili upya, pande zote mbili. Mara nyingi 96 huwa 96 upande mmoja na 97 wa pili.

---

Tupa_na_Msumeno (Kakamega)

Kondele amemaliza uchunguzi, mimi naleta hesabu na kazi ya mkono.

Pingili ya Tiger halisi ina hatua (umbali wa pini hadi pini) ya milimita 130. Gawa kwa 16 unapata karibu 8.1. Pima yako hata hivyo: nyoosha pingili 10, pima kwa vernia, gawa kwa 10. Ukisogeza aidla nyuma milimita 1, njia ya mnyororo inaongezeka karibu 2, kwa sababu inaongezeka juu na chini. Kwa hiyo pingili nzima ni sawa na kusogeza aidla milimita 4 tu. Wewe unahitaji kitu cha katikati, milimita 1 au 2 hivi, na kutoa pingili hakuwezi kukupa hiyo.

Njia ninayoipendekeza ni tundu refu na bolti ya kusukuma. Kwa kila upande (vipimo vyote ni milimita):

- bolti ya M4 (unene wa 4) yenye kichwa cha pembe sita, urefu 45 au 50 kulingana na upana wa gurudumu, washa 4, nati 1 ya kawaida na 1 yenye pete ya nailoni
- bolti ya M3 ya urefu wa 25 na nati 2
- bapa la alumini la unene wa 2, ukubwa 25 kwa 40
- bapa la chuma la unene wa 1, ukubwa huohuo
- kipande cha alumini ya pembe, 15 kwa 15, urefu 15
- gundi ya epoksi ya sehemu mbili

Alumini ya pembe waulize mafundi wa madirisha, vipande vya kutupwa viko tele. Bolti za M3 na M4 utapata kwa mafundi wa redio na simu. Duka la hadiweya huwa linaanzia M6.

Fanya mabapa kwanza. Yabane pamoja na uyatoboe mara moja: matundu mawili ya milimita 4, vituo vyake vikiwa na umbali wa 8. Unganisha kwa tupa ndogo ya bapa mpaka upate tundu refu la 4 kwa 12. Bolti iteleze bila kucheza juu na chini. Hapo usikimbie: ukipanua mpaka 4.5, aidla itapanda na kushuka na umerudi ulikotoka.

Kisha bodi. Tundu la zamani liwe karibu na mwanzo wa tundu refu: milimita 2 mbele yake, 6 nyuma yake. Hayo ya mbele ni ya kulegeza unapovisha mnyororo, ya nyuma ni ya kukaza. Hakikisha zinabaki angalau milimita 6 za plastiki kabla ya ukuta wa nyuma. Plastiki yenyewe ifungue kwa upana wa 5, ili kazi ya kuongoza bolti ibebwe na chuma. Kwaruza pande zote kwa msasa, gundisha bapa la alumini ndani na la chuma nje, pitisha bolti ikiwa na grisi ili isigande, bana, acha mpaka kesho yake. Epoksi ya dakika tano inashika, ila usiipe mzigo siku hiyohiyo.

Bolti ya M4 inaingia kutoka ndani. Kichwa na washa vinabaki ndani, nje kuna washa na nati ya kawaida inayobana mabapa, kisha aidla, mwisho nati ya nailoni. Hiyo ya mwisho usikaze hadi gurudumu ligome, liachie mwanya wa upana wa karatasi.

Sasa kiini chenyewe. Ile pembe ya alumini inafungwa ndani ya bodi, mbele ya kichwa cha M4. Itoboe 2.5, kata hesi (michirizo ya kuzungushia bolti) ya M3, pitisha bolti ya M3 mpaka ncha yake iguse ubapa wa kichwa cha M4. Nati moja ya M3 ni ya kufungia, ya pili ni akiba. Mnyororo unavuta aidla mbele, bolti inaizuia kwa kifua. Wengi hukata tundu refu wakategemea nati ya nje peke yake, na kifaru kikipiga jiwe moja aidla inateleza. Mzigo ubebwe na bolti, nati iwe ya kushikilia tu.

Hesi ya M3 ina hatua ya 0.5. Mzunguko mmoja wa bolti unasogeza aidla nusu milimita, na njia ya mnyororo milimita 1. Utakuwa unakaza kwa robo mzunguko kama unapiga gita.

---

Vumbi_la_Menengai (Nakuru)

Asante sana, wakubwa. Aidla ya kulia inacheza kweli, na pingili ni 96 pande zote. Maswali mawili: nikishamaliza nijue vipi mkazo umefika? Na Tiger halisi si ilikuwa na mkono wa kuzungusha? Kwa nini nisifanye hivyo badala ya tundu refu?

---

Tupa_na_Msumeno (Kakamega)

Mkono wa kombo, huo wa kuzungusha, ulikuwepo, na kwenye modeli unapendeza. Tatizo ni mahali. Ili upate milimita 4 za kwenda nyuma unahitaji kombo la 5 au 6, na aidla inapanda au kushuka unavyozungusha. Halafu kitu kinachouzuia usizunguke kurudi lazima kiwe meno au pini, maana msuguano hautoshi. Ukiwa na fundi wa kukereza anayekubali vyuma vidogo, sawa. Kwa tupa na drili ya mkono, tundu refu.

Kuhusu mkazo: simamisha kifaru kwenye sakafu, kisogeze mbele kidogo kisha nyuma kidogo ili mnyororo utulie. Tiger haina magurudumu ya juu ya kurudishia, mnyororo unapaswa kulala kwenye migongo ya magurudumu makubwa. Inua katikati ya mnyororo wa juu kwa kidole. Ukipanda milimita 6 hadi 8, umefika. Ukiwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo bila kugusa magurudumu, rudisha mzunguko mmoja mzima.

Kisha weka kifaru juu ya kopo, magurudumu yaning'inie, uendeshe pande zote kwa kasi ndogo. Upande uliokazwa zaidi utazunguka polepole. Ndiyo sababu kilivuta kulia ulipotoa pingili: upande wa kulia ulikuwa unachelewa. Malizia kwa mita 3 za sakafu ya vigae, ukifuata mstari wa vigae.

---

Sproketi_Nyuma (Bungoma)

Naongezea kuhusu springi, kwa sababu ameuliza na hakuna aliyejibu.

Kwenye Tiger springi laini ni balaa. Kifaru cha kilo 4 kikishika ardhi vizuri, kila mnyororo unaweza kuvuta kilo 1.5 hivi. Ukienda mbele, mvuto huo unapita juu, unazunguka aidla na kurudi chini, kwa hiyo aidla inabeba mara mbili: kilo 3. Upande mmoja ukikwama kwenye jiwe, zidisha tena. Springi ya kalamu au ya kufuli inajikunja hapo hapo, aidla inakuja mbele, ulegevu unashuka kwenye sproketi, tak-tak-tak. Utakuwa umelipia tatizo ulilokuwa nalo bure.

Ukiitaka kwa lazima, iwe ngumu kiasi cha kusimamia kilo 5 bila kujikunja, na uweke kizuizi ili isirudi zaidi ya milimita 1. Hapo kazi yake ni kumeza jiwe linaloingia kati ya pingili na gurudumu, si kukaza.

Wenye T-34 (kifaru cha Kisovieti) msinakili maelezo ya juu bila kugeuza. Sproketi iko nyuma na aidla iko mbele. Kwenda mbele aidla inapumzika, kurudi nyuma ndiko inabeba mara mbili. Tundu refu linaelekea mbele, na bolti ya kusukuma inakaa nyuma ya ekseli. Pingili nayo ni ndefu, 172 kwa halisi, yaani 10.75 kwenye modeli, kwa hiyo uache nafasi ya kusogea isiyopungua milimita 5.5.

---

Kondele_Giaboksi (Kisumu)

Mambo ya udongo, maana huko ndiko minyororo inakoharibika.

Vumbi la Nakuru ni la volkano, laini na linakwaruza. Usipake mafuta kwenye pini za mnyororo. Mafuta na vumbi hilo ni msasa wa majimaji. Acha pini kavu, piga brashi kila ukimaliza, na ukitaka kulainisha kwaruza risasi ya penseli uinyunyize.

Pini zikilika, piga hesabu: 0.1 ya milimita kwa kila pini, mara 96, ni milimita 9.6. Hiyo ni zaidi ya pingili nzima, na jicho haliioni kwenye pini moja. Mnyororo mpya wa chuma hulegea upesi mwanzoni kwa sababu ncha kali za matundu zinajisawazisha. Kwa hiyo kaza kwa bolti, na bolti ikifika mwisho wa tundu, irudishe mwanzo ndipo utoe pingili moja. Pande zote mbili siku moja, hata kama wa kushoto unaonekana mzima.

Huku kwetu kuna udongo mweusi wa Kano. Ukilowa unajaza mapengo ya meno ya sproketi, na sproketi inakuwa kama imenenepa. Mnyororo uliokuwa sawa pakavu unakaza mpaka ekseli inapinda. Kabla ya kuingia kwenye tope rudisha mizunguko miwili, na ukitoka safisha meno kwa mswaki wa zamani kabla halijakauka. Likikauka ni tofali.

---

Vumbi_la_Menengai (Nakuru)

Nimeelewa. Fundi wa madirisha ameshanipa pembe. Ila M3 zilizoko hapa ni za kichwa cha nyota, na ncha zake zimechongoka kidogo. Zitafaa?

---

Tupa_na_Msumeno (Kakamega)

Kichwa cha nyota kinafaa bora bisibisi ifike ukiwa umefunua bodi ya juu. Elekeza kichwa mbele na uache njia, usije ukakuta kimefichwa na betri. Kama kuna ya kichwa cha pembe sita cha ndani, chukua hiyo, ufunguo wake wa L unaingia kwa pembeni.

Ncha usiiache imechongoka. Itachimba kichwa cha M4, utadhani umekaza kumbe inazama, na safari ya tatu mnyororo umelegea tena. Isage kwa tupa iwe bapa, kisha zungusha ukingo kidogo ili hesi isikwame ukiichomoa. Nati ya kufungia ivishe kwenye bolti kabla ya kusaga, ukiichomoa itasafisha hesi yenyewe.